Kuwasha na Kuamsha

Mpwa wangu, ambaye riziki yake ni kutengeneza kompyuta za watu hapa mjini Tanga, alimtunukia mama yake kompyuta ndogo isiyo na kioo chake yenyewe, akaiweka chini ya televisheni ya sebuleni, akaijaza filamu, taarabu za zamani, mawaidha ya mashekhe na picha za arusi za ukoo mzima, kisha akamkabidhi rimoti nyeusi iliyo ndefu kidogo kuliko kiganja, na kumwambia kuwa tangu siku ile hatakuwa na haja ya kuinuka kitini ila kwa sala na chakula. Usiku ule wa kwanza kifaa kile kilitii kila kilichoamriwa: kiliposimamishwa kilisimama, kilipoendeshwa kiliendelea, kilipopunguzwa sauti kilinong'ona, tukalala tukikisifu. Kulipokucha, dada yangu aliketi na kikombe chake cha chai, simu yake mapajani kama ada yake, akabonyeza kitufe cha kuwashia, akabonyeza tena, akaiinua rimoti juu ya kichwa kama mtu atafutaye mawimbi ya redio, na kile kilichokuwa mtumishi msikivu jana hakikutoa hata mwanga wa kimulimuli.

Mpwa alipofika, baada ya shikamoo na marahaba, nilimwambia kwa kebehi ya wazee kwamba mashine yake haikufikisha arubaini. Alicheka. "Haikufa, mjomba," akasema, "na kosa ni langu. Jana niliizima; ilinipasa niilaze. Ikilala, jicho lake la kupokelea amri hubaki macho; ikizimwa, na jicho nalo huzimika. Sasa utamwitaje asiye na sikio?" Akainama nyuma ya meza, na kwa kitambo kizima akawa hana habari nasi, lakini swali lake lilibaki pale pamoja na vikombe, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiligeuza na kulipindua, kwa kuwa niliona kwamba kijana huyu, ambaye hakukusudia ila kazi iliyo mbele yake, ametamka kwa lugha ya mafundi swali ambalo wanavyuoni walilishughulikia kwa karne nyingi kwa lugha ya dini: je, yumkini kuitwa kisichokuwapo?

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo kwa pupa ya mazungumzo tunayaacha yakae kiti kimoja, nayo ni kuwasha na kuamsha. Taa huwashwa, mtu huamshwa. Taa iliyozimika haina nafsi ya kungoja. Utambi wake haujui kama kuna kiberiti duniani, na moto utakaouwakia hautoki ndani yake, huletwa na mkono kutoka nje. Ndiyo maana hakuna mwenye akili timamu aliyewahi kusimama mlangoni akaiita kandili kwa jina. Aliyelala haletewi uhai. Uhai anao, na amwamshaye hana la kumpa ila habari kwamba wakati umefika. Kuwasha ni kutia kisichokuwamo. Kuamsha ni kukitanabahisha kilichomo. Na mtu akiuliza rimoti hufanya lipi kati ya hayo mawili, ajue ya kuwa, ingawa sote twasema inawasha, haina kudura hiyo hata chembe: betri zake mbili ndogo zina volti tatu kwa jumla, hazingeweza kuiendesha kompyuta hata kwa muda wa kupepesa jicho, na mwanga wake usioonekana, ukifika upande wa pili wa chumba, hauna joto la kumsumbua nzi. Haiwashi, inaita.

Zamani mambo hayakuwa hivi. Katika kompyuta za mezani za miaka ya 1980, swichi ilikuwa swichi kweli: ulipoigeuza uliufunga umeme wenyewe kama mkulima afungavyo mfereji, na nyuma ya mfereji uliofungwa hapakubaki hata tone. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa kanuni ya kuunda kompyuta iitwayo ATX, na toka hapo kitufe kilicho usoni mwa kompyuta kiliacha kuwa mlango wa umeme, kikawa karani apokeaye barua: ukikibonyeza, nyaya mbili nyembamba hugusana kwa nukta moja, ubao mkuu, ambao mafundi wa mjini huuita mazabodi, hupata habari, na wenyewe ndio unaoliagiza sanduku la umeme limwage nguvu zake. Lakini ubao uliozimika ungepataje habari? Kwa sababu hiyo waundaji walilazimika kuacha mkondo mmoja mdogo wa volti tano, usiokatika maadamu waya umechomekwa ukutani, kazi yake ikiwa ni kumlisha mlinzi mmoja angojaye. Hivyo hata kidole kilicho juu ya kompyuta yenyewe, kwa hakika ya mambo, kinaita kutoka mbali, na umbali wa rimoti ni nyongeza ya hatua chache tu juu ya umbali huo.

Mwaka uliofuata, 1996, kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba zilitoa kanuni nyingine, ACPI, iliyoyapanga mapumziko ya kompyuta kwa daraja, na daraja hizo zingemfurahisha mwanachuoni yeyote aliyesoma elimu ya nafsi. Iko daraja ya tatu, ambamo kompyuta hulala hali kumbukumbu yake inalishwa umeme kidogo, nayo ikiamshwa huendelea na neno lilelile ililokuwa ikilisema. Iko ya nne, ambamo huyaandika katika diski yote iliyokuwa ikiyakumbuka, kama mtu aandikaye wasia, kisha hujinyima umeme. Iko ya tano, ambayo sisi wengine huiita kuzimwa, ambamo haikumbuki kitu, na bado yule mlinzi wa volti tano yumo. Nje ya daraja hizo zote wakaiweka hali moja peke yake, ile ya kukatika kabisa na umeme, ambamo hakuna mlinzi, hakuna angojaye, na hakuna mwito uwezao kufika. Watu hawa hawakuwa wakitunga tasaufi. Walikuwa wakipima umeme. Lakini walijikuta wamekiri ya kuwa kati ya usingizi mzito kupita wote na kutokuwapo upo mpaka, na kwamba mpaka huo haupimwi kwa kimya, maana pande zote mbili ni kimya. Hupimwa kwa swali moja: kikiitwa, yumo wa kusikia?

Dawa ya mpwa wangu ilikuwa nyepesi: aliingia katika mipangilio ya ubao, akauruhusu mlango ambamo kijicho cha kupokelea kimechomekwa uendelee kunyweshwa ule mkondo mdogo hata baada ya kompyuta kuzimwa, na toka hapo dada yangu akaita na kuitikwa. Lakini kukesha peke yake hakutoshi, na historia ya rimoti ni historia ya macho na masikio yaliyokesha pasipo kumjua bwana wao. Mwaka 1955 kampuni ya Zenith ya Chicago ilileta rimoti isiyo na waya, kazi ya mhandisi Eugene Polley, iliyokuwa mithili ya kurunzi: televisheni iliwekwa macho manne, moja katika kila pembe ya kioo, na mtu alilimulika alitakalo. Macho yale yaliona mwanga bila kumtambua mwenye mwanga, hata jua la jioni likipenya dirishani liliweza kubadili stesheni kana kwamba ndilo mwenye nyumba. Mwaka 1956 Robert Adler, wa kampuni hiyohiyo, akauacha mwanga akachukua sauti: ndani ya rimoti yake mlikuwa na vijiti vya aluminiamu vilivyogongwa na nyundo ndogo, vikatoa mlio mwembamba upitao kiasi cha sikio la binadamu, wala chombo hicho hakikuhitaji betri, nacho pia kiliweza kuigizwa na funguo zikigongana mfukoni.

Rimoti za leo zimeurudia mwanga, lakini ule ulio nje ya wekundu, ambao William Herschel aliutambua mwaka 1800 kwa kipimajoto kwa sababu jicho haliuoni. Nao haumulikwi hivihivi, hupepeswa aghalabu mara 38,000 kwa sekunde, na kijicho kipokeacho kimeundwa kulipuuza jua, taa na mshumaa, na kila nuru isiyopepesa kwa mwendo huo. Katika lahaja moja iliyotungwa na kampuni ya NEC ya Japani, kila neno linalopelekwa hufuatwa papo hapo na kinyume chake, ili msikilizaji ayalinganishe mawili hayo kama kadhi alinganishavyo mashahidi, na yasipopatana aitupe amri yote. Na iko njia nyingine, ya kuiamsha kompyuta kwa waya wa mtandao, ambamo ujumbe ni jina tupu: hutangulia baiti sita za kupiga hodi, kisha anwani ya kompyuta inayotakiwa hurudiwa mara 16, pasipo amri wala sababu; kompyuta zote zilizo katika mtandao ule hufikiwa na sauti, na moja tu huinuka, ile iliyolisikia jina lake.

Tangu nilipoelezwa haya nimekuwa nikiutazama mwito kwa jicho jingine. Twadhani kuita ni kutoa sauti na kungoja jibu, na kwamba jibu lisipokuja mwito umekwenda bure. Kumbe kabla jibu halijaja mwito umekwisha kutoa ushahidi, kwa kuwa hakuna aitaye ila amekiri moyoni kwamba upande wa pili yuko wa kusikia. Mama aliyechoka hulala, mvua ya masika ikapiga mabati usiku kucha isimgutushe, na mtoto wake akitoa mguno mmoja akaamka: sikio lake halikulala lote, liliacha zamu kwa ajili ya sauti moja. Muadhini wa alfajiri, ambaye katika adhana hiyo peke yake huongeza ibara ya kuifadhilisha sala juu ya usingizi, hasemi na walio macho, maana hao hawana haja ya kuambiwa. Husema na waliolala, na lau angeamini kwamba aliyelala hasikii katu, ibara yake ingekuwa upuuzi unaotamkwa minarani kwa karne na karne. Hali kadhalika mawaidha yetu hupenda sana kutaja mioyo iliyokufa. Lakini waidhi anayeihukumu mioyo kuwa imekufa, na huku anaisemesha, ulimi wake unaikanusha hukumu yake.

Mfano ulio karibu zaidi sina budi kuutoa nyumbani kwetu. Dada yangu ana mwana mkubwa aliyekwenda Maskati kutafuta kazi, na kwa sababu ambazo si za kuandikwa, habari zake zikakatika: mwaka wa kwanza ulikuja ujumbe wa Idi, wa pili hata huo haukuja. Shemeji yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwadilifu na mkali, na uadilifu ukichanganyika na uchungu huwa kisu. Aliwaambia watu barazani kwamba mwana yule moyo wake umekufa, na kwamba maiti haiitwi, huzikwa. Akafariki bila kulitaja jina lake tena. Sikumlaumu siku zile, wala leo simlaumu, ila sasa naona hoja yake ilipoteguka: alipima kwa kimya. Alisikia kimya akahukumu kutokuwapo, ilhali kimya cha aliyelala usingizi wa daraja ya tano na kimya cha waya uliochomolewa, kwa asikilizaye kutoka nje, ni kimya kimoja, wala hakuna njia ya kuvitenga ila kuita. Na lililo zito zaidi ni kwamba akataye tamaa huacha kuita, na kwa kuacha kuita hujinyima ile njia pekee ambayo ingemjulisha kuwa amekosea.

Huenda mtu akaniambia: ikiwa aliyelala ndiye mwenye sikio, na aitaye hatoi ila habari, basi sifa zote za kuamka ni zake yeye aliyeamka, na hapana wa kushukuriwa. Hapa nami nilisita, mpaka nilipokumbuka kwamba yule mlinzi wa volti tano hajilishi. Hukesha kwa umeme wa ukutani, utokao katika mtambo asiouona wala asioujua, na kompyuta nzima inapoinuka, nguvu ya kuinukia haitoki katika rimoti wala katika kijicho. Hutoka katika ukuta uleule. Nikola Tesla, ambaye mwaka 1898 aliwaonyesha watu wa New York mashua ndogo iliyokwenda na kugeuka majini kwa amri ya mawimbi, alikuja kuandika kwamba vyombo vya namna ile vina akili ya kuazima, kwa maana kila kimoja ni kiungo tu cha mtu aliye mbali. Nami naona hakufika mwisho wa mkopo huo, maana na yule mtu aliye mbali, mkono wake uligeuza usukani kwa nguvu ambayo hakujitengenezea. Ukiwahesabu washiriki wa jambo hili utakuta kidole kilichotaka, mwanga uliobeba habari, jicho lililopokea, na nguvu iliyotenda. Na hiyo ya mwisho, ambayo pasi nayo yote yaliyotangulia ni mchezo wa watoto, hakuna hata mmoja wa hao watatu aimilikiye.

Abu al-Hasan al-Ashari wa Basra, ambaye itikadi yake ya karne ya 10 ilikuja kukubaliwa na Masunni wengi, na miongoni mwao mashekhe wa Kishafii wa pwani yetu, alifundisha kwamba kitendo cha mja huumbwa na Mungu, naye mja hukichuma; na neno alilolitumia kwa kuchuma huko, kasbi, liliwatatiza watu hata likawa kwa Waarabu kipimo cha jambo lenye ufiche usiofahamika kwa wepesi. Sidai kuwa rimoti ya dada yangu imelifumbua fumbo hilo. Nasema tu kwamba tangu niione nimekoma kuliona kuwa ni mchezo wa maneno, maana kila jioni mwanamke huyu huketi kitini na kwa kidole gumba hufanya kitendo ambacho amri yake ni yake kabisa, hata kompyuta ikianza kutoa kelele usiku wa manane tutamwuliza yeye na hatutauuliza ukuta, na nguvu yake hata chembe haikutoka kwake.

Mazungumzo haya nilimpelekea shekhe wa mtaa wetu baada ya sala ya alasiri, tukiwa tumeketi kwenye ngazi za msikiti, naye akanisikiliza mpaka mwisho pasipo kunikatiza, jambo ambalo kwa mtu wa elimu ni ukarimu mkubwa. Kisha akatabasamu. "Umewasema viumbe, mzee mwenzangu, na umesibu," akanambia. "Lakini Yule ambaye akitaka jambo hulitamkia liwe, nalo likawa, humtamkia nani?" Nikanyamaza. Naye, kwa kuniona nimenyamaza, akanisimulia jinsi jambo hilo lilivyowagawa watu wa ilmu al-kalam, yaani elimu ya kujadili itikadi: kwamba wengi wa Muutazila walisema maadumu, yaani kile kisichokuwapo, nacho ni kitu, kina uthabiti wake kabla ya kupewa kuwako, na kwa hivyo amri ina pa kufikia, na kwamba Waashari waliwapinga, wakasema kisichokuwapo si kitu hata kidogo, na Mungu hahitaji kukuta chochote ili aseme nacho. Neno letu adimu ni tawi la shina hilohilo la Kiarabu, ila sisi tumelipunguza ukali: kilicho adimu kwetu kipo, ni vigumu tu kukipata.

Nilirudi nyumbani polepole, maana nilikuwa nimeuona ukomo wa mfano wangu, na mfano usiojua ukomo wake huwa uzushi. Muutazila, kwa macho ya fundi, waliacha katika kutokuwapo kwenyewe mkondo mmoja mdogo na kijicho kimoja cha kungojea, kwa kuwa akili zao hazikuridhia mwito usio na sikio. Waashari waliuchomoa waya wote, ili utukufu wa aitaye usiwe na mshirika hata katika msikilizaji. Sina elimu ya kuamua kati yao, lakini pande zote mbili zilikubaliana juu ya jambo moja, ambalo ndilo jibu la swali la mpwa wangu: baina ya viumbe, kuita ni kuamsha, na kiumbe hana njia ya kumfikia asiyekuwapo; kwa Muumba, kuita ni kuwasha, na yeye peke yake ndiye aiitaye kandili kwa jina ikawaka. Basi waidhi ajisifuye kwamba maneno yake yamewahuisha watu amejichukulia mwito usio wake, kwani alichokifanya ni kubisha mlango wa nyumba iliyokuwa na mtu. Na baba asemaye kwamba mwanawe hawezi kuitwa tena amekosea mara mbili, kwanza kwa kuwa kimya si ushahidi, na pili kwa kuwa hata lau angalikuwa amesema kweli, upo mwito ambao haumtafuti msikilizaji, huja naye.

Hata hivyo kukesha kuna gharama, na mtu anayeisifu zamu bila kutaja mshahara wa mlinzi hajasema kweli yote. Wati moja, ikikesha mwaka mzima, hula karibu uniti tisa za umeme, na vyombo vingojavyo katika nyumba moja ni vingi. Umoja wa Ulaya uliwahi kuona jambo hili kuwa la kutungiwa sheria, ukaviamuru vifaa vya nyumbani vingojavyo tu kuwashwa visile zaidi ya wati moja kuanzia mwaka 2010, na zaidi ya nusu wati kuanzia mwaka 2013. Dada yangu hakungoja sheria ya Ulaya. Tangu mita ya LUKU ilipowekwa nyumbani kwake, naye akaanza kuuona umeme ukipungua tarakimu kwa tarakimu kama hina kiganjani, amekuwa na desturi ya kuizunguka nyumba kila usiku kabla ya kulala na kuzima kila kitu ukutani, na hapo ndipo kazi yote ya mpwa wangu, mipangilio na mkondo mdogo na kijicho, ilipokwama: kila asubuhi kompyuta iliamkia katika ile hali iliyo nje ya daraja zote, na rimoti ikawa kipande cha plastiki.

Usiku mmoja niliamua kumtetea mlinzi. Nikamfuata dada yangu katika mzunguko wake, nikimweleza habari za volti tano, na tofauti ya aliyelala na asiyekuwapo, na jinsi ambavyo akizima ukutani huondoa pamoja na kifaa hata uwezekano wa kukiita. Alinisikiliza kwa adabu huku akifunga madirisha, kisha akanijibu kwamba mlinzi wa kulipwa hawekwi kulinda filamu, kwamba yeye miguu anayo, na kwamba kitu ambacho hakuna haja ya kukiita usiku hakina haja ya kukesha. Nami sikuwa na la kumjibu, maana kweli mja hawezi kuwekea zamu kila mwito, na aliyeacha milango yote wazi kwa ajili ya wageni wote hatalala, wala hatamsikia yule mmoja aliyekuwa akimngojea. Akazima feni, akazima televisheni, akainama kwa kushika kiuno, akazima na soketi ya kompyuta, na kile kinukta chekundu kilichokuwa chini ya kioo kikafumba.

Kisha akaichukua simu yake juu ya meza, akaitazama chaji, akahakikisha kwamba sauti imepandishwa mpaka mwisho, akaichomeka katika soketi moja aliyokuwa ameiacha wazi, iliyo karibu na mlango wa chumba chake, na mlango akauacha nusu. Nikamwuliza, ingawa nililijua jibu, kwa nini hiyo haizimi, nayo pia inakula uniti.

Alinitazama kama mtu amtazamavyo mtoto aliyeuliza maji yana kazi gani. "Na akipiga?" akasema, akazima taa.